Mwezi Upi, Wenu au Wetu?

Swali lilikuwa la 14 kwenye dodoso: "Mwezi wa Januari ulivuna kamba ngapi za mwani?" Nilikuwa nimechuchumaa kwenye mchanga, pwani ya mashariki ya Unguja, maji yamekupwa hadi karibu na mwamba. Mama niliyekuwa namhoji alikuwa akifunga mbegu kwenye kamba bila hata kuitazama. Mikono yake ilikwenda yenyewe: kipande, fundo, kipande, fundo. Akainua macho kidogo.

"Mwezi upi, mwanangu? Wenu au wetu?"

Sikuelewa. Nikamjibu, "Januari, mama. Mwezi uliopita."

"Januari naijua, ndiyo watoto wanafungua skuli. Lakini mwani hatuvuni kwa Januari, tunavuna kwa bamvua. Wewe unataka bamvua la mwandamo au la mpevu? La mfungo wa ngapi?"

Nikaandika kwenye dodoso: *hakumbuki*. Kisha nikaenda swali la 15.

Nimeamua kuusimulia mwaka ule kwa sababu ya neno hilo moja. Ulikuwa mwaka ambao taasisi yetu ilihesabu mafanikio mengi kuliko mwaka mwingine wowote niliowahi kuwa hapo, na kwenye mzizi wa lililo kubwa kuliko yote kuna mama aliyejibu swali kwa usahihi kuliko lilivyoulizwa, nami nikaandika kwamba hakumbuki.

Naifanyia kazi taasisi ya utafiti ya chuo kikuu, Dar es Salaam. Tunajiita taasisi ya taaluma mtambuka. Kwenye korido moja utamkuta mtaalamu wa mikondo ya bahari, mkemia, mchumi, mwanasosholojia, muuguzi aliyeongeza masomo ya afya ya jamii, na mimi ninayeshughulika na takwimu. Nimezaliwa Mwanza. Nimekulia kando ya maji na nimeoga ziwani kabla sijaanza shule, lakini Ziwa Victoria halijai na kupwa kama bahari. Ukiacha ndoo ukingoni asubuhi, jioni utaikuta palepale na maji palepale. Nilipokwenda pwani kikazi mara ya kwanza nilidhani ninayajua maji.

Mwaka wetu ulianza tarehe 1 Julai, maana ndipo mwaka wa fedha wa serikali unapoanza. Wanafunzi wetu walikuwa na mwaka wao wa masomo. Mfadhili naye alikuwa na wake, Januari hadi Desemba, na taarifa alizitaka kwa huo. Miaka mitatu kwa pamoja tulishaizoea. Tulikuwa hatujui kwamba huko tunakokwenda kuna wa nne na wa tano.

Mwani si kilimo cha mababu kwa Zanzibar, ingawa ukipita Paje au Jambiani leo utadhani kimekuwepo tangu enzi. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliutafiti mwani tangu miaka ya 1970 na kuhimiza ulimwe. Kilimo cha biashara kikaanza Unguja mwaka 1989 kwa mbegu kutoka Ufilipino. Sasa wanaoutegemea visiwani ni zaidi ya watu 20,000, na wengi wao mno ni wanawake. Viwandani hutolewa karaginani, ile inayofanya dawa ya meno isitengane na aiskrimu iwe laini mdomoni. Wakulima wanalima aina mbili, spinosi na kotoni. Kotoni ndiyo yenye bei, na ndiyo isiyovumilia joto. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 imekuwa ikifa sehemu nyingi inapopandwa: matawi yanageuka meupe, yanalainika, yanakatika, kamba inabaki tupu. Wengi wamebaki na spinosi, ya bei ndogo, nayo haiko salama.

Basi swali letu lilikuwa la wazi: bahari inapopata joto, mwani unapungua kiasi gani, na nyumba ya mkulima inaathirika vipi? Hakuna taaluma moja inayoweza kulijibu lote. Ndiyo maana tulipewa fedha, na ndiyo maana tulijivunia korido yetu.

Lakini kukaa kwenye korido moja na kufanya kazi moja ni mambo mawili. Nitoe mfano wa neno *mavuno*. Mtaalamu wetu wa viumbe vya baharini, aliyekuja kwa mkataba wa mwaka mmoja, alipima mwani mbichi ukiwa bado unachuruzika maji. Mchumi alichukua uzito wa mwani mkavu kwenye mizani ya mnunuzi. Mwani ukikauka kilo nane hadi kumi zinabaki kilo moja, kwa hiyo jedwali la mmoja lilikuwa kama la nchi nyingine kwa mwenzake. Mwanasosholojia alihesabu kamba, kwa kuwa ndivyo akina mama walivyomwambia. Muuguzi hakuhesabu mavuno kabisa. Aliuliza juu ya mgongo, macho na ngozi, maana kuinama saa nne au tano kwenye maji ya chumvi, jua likipiga juu na liking'aa kutoka chini, kunaumiza mwili mzima. Kila mtu alikuwa sahihi. Miezi mitano ilipita kabla hatujagundua kwamba vikaoni tukisema mavuno tunasema vitu vitatu.

Vikao vyenyewe tulivifanya kwa Kiingereza, na nitasema ninavyoamini: tulipoteza nusu ya kwanza ya mwaka kwa sababu hiyo. Si kwamba hatukijui. Tumesomea humo, tunaandikia humo. Ila mtu akizungumza kwa lugha ya vitabu vyake hujificha ndani ya maneno ya taaluma yake, na mwenzake huona haya kumuuliza maana yake nini. Siku moja Februari umeme ulikatika, projekta ikazima, tukatoka kukaa chini ya mwembe, na bila mtu kuamua tukajikuta tunaongea Kiswahili. Mkemia akamgeukia mchumi, "Kaka, hebu niambie, hiki unachokiita hasara, nani anakipata?" Swali hilo halikuwa limeulizwa tangu Julai. Toka siku hiyo kikao cha Jumatatu kikawa cha Kiswahili, na ukutani tukabandika karatasi ya maneno: mavuno mabichi, mavuno makavu, kamba, hasara ya nani.

Kwa upande wa bahari tulifunga vidude vidogo vya kurekodi joto kwenye vigingi vya mashamba, kila kimoja kama kifuniko cha soda kwa ukubwa, kinachoandika joto la maji kila nusu saa. Kimoja kilipotea. Tulihesabu kwamba kimeibwa, na barua ya kueleza upotevu ikaandikwa kwa ajili ya mhasibu. Wiki mbili baadaye sheha alitupigia simu. Mtoto alikiokota kimekatika, akampelekea mwalimu wake akidhani ni cha hospitali, mwalimu akampelekea sheha. Kilikuwa bado kinafanya kazi. Kwenye majedwali yangu nikaona siku tisa ambazo joto lake ni la ajabu, shwari usiku na kupanda kidogo mchana. Zilikuwa siku alizokaa nacho mfukoni na kabatini. Nilizifuta kwenye hesabu, lakini nimeuhifadhi mchoro wake.

Nilipokwenda kumshukuru mwalimu yule alinionyesha daftari la mahudhurio, kwa fahari, kwa sababu analiandika vizuri. Niliona nafasi za utoro zimejikusanya makundi makundi. "Siku hizo wanawasaidia mama zao," akasema. "Maji yakiwa makubwa darasa linapungua." Akaniruhusu kuhesabu idadi tu, bila majina. Nikahesabu kwa sababu daftari lilikuwa mbele yangu, bila kujua nitazifanyia nini.

Aprili ikafika, mvua za masika zimeanza, na kazi ya kuunganisha kila kitu ikawa mezani kwangu. Nilifanya kama nilivyofundishwa: nikachukua wastani wa joto kwa kila mwezi, nikachukua jumla ya mavuno kwa kila mwezi, nikaviweka pamoja. Matokeo yalinishtua. Miezi yenye joto zaidi ndiyo iliyokuwa na mavuno mengi. Yaani kwa mujibu wa hesabu zangu joto lilikuwa linausaidia mwani.

Nilizirudia mara tatu. Mchumi wetu alikuwa tayari ameanza kuandika muhtasari kwa ajili ya watunga sera, kwamba kilimo hiki kinahimili joto kuliko ilivyodhaniwa. Mimi nilikuwa nimeushika mwani mweupe kwa mikono yangu. Unakatika ukiugusa, unateleza kama sabuni iliyosahaulika kwenye ndoo. Nilikuwa nimeona kamba tupu zikielea, taitai, zile kamba nyembamba za kufungia mbegu, zimebaki zimefungwa fundo bila kitu ndani yake. Hesabu ilisema kitu kimoja na mkono kingine, na ofisini ni hesabu inayosikilizwa.

Nikarudi kwenye madodoso yenyewe, ya karatasi, nikiwa natafuta kosa la kuingiza data. Swali la 14 lilikuwa na *hakumbuki* nyingi kupita kiasi. Nyingi zilikuwa kwa mwandiko wangu na wa wenzangu tuliotoka bara. Lakini kulikuwa na madodoso ya msaidizi wetu mmoja, binti wa huko kusini mwa Unguja tuliyekuwa tukimlipa kwa siku. Nyumbani kwao wanasema Kikae, lahaja ya hukohuko, kwa hiyo akina mama walipozungumza naye hawakujibana. Yeye alijaza *hakumbuki* kwenye kisanduku, maana fomu haikumpa nafasi nyingine, kisha pembeni, kwa penseli, akaandika alichoambiwa: "mpevu, mfungo tisa, kamba 30, nyeupe nyingi." "Mwandamo, Rajabu, kamba 22." "Mpevu, Rajabu, hakuvuna, umekatika wote." Ukurasa baada ya ukurasa. Mifungo ni miezi ya mwandamo, inayohesabiwa tangu Ramadhani inapokwisha. Akina mama walikumbuka kila kitu. Sisi tuliwauliza kwa mwezi ambao hawakuwa wakiutumia baharini.

Nilimpigia simu usiku uleule. Nilimwomba samahani, kisha nikamwomba anifundishe. Alicheka kwa upole akasema, "Dada, si ungeniuliza tu."

Alichonieleza, na mtaalamu wetu wa bahari akanithibitishia kesho yake kwa kalamu na karatasi, ni hiki. Mwezi unapoandama, na tena unapopevuka, jua, dunia na mwezi huwa kwenye mstari mmoja na mvuto wao hujumlishwa. Maji hujaa sana na kupwa sana. Unguja tofauti ya juu na chini hufika karibu mita 4. Hilo ndilo bamvua. Katikati yake, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, bahari hupanda na kushuka kidogo tu. Mashamba ya mwani yako kwenye maji ya kina kifupi, kwa hiyo mkulima huyafikia kwa miguu siku za bamvua. Huingia wiki moja, hukaa wiki moja, na mzunguko huo hauna habari na tarehe zetu. Kutoka bamvua moja hadi la pili ni siku 14 na robo tatu hivi, kwa hiyo mwezi wetu wa siku 31 unaweza kubeba mabamvua mawili, na mwingine ukabeba matatu.

Na hapa ndipo hesabu yangu iliponidanganya. Pwani ile siku za bamvua maji hukupwa kabisa kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana, jua likiwa juu. Maji yanayobaki shambani ni ya kifundo cha mguu au magoti, nayo huchemka. Siku za maji mafu kupwa ni kudogo, tena huangukia alfajiri na alasiri. Kwa hiyo bamvua ndilo linaloleta joto kali, na bamvua hilohilo ndilo linalomruhusu mama kuvuna. Mwezi wenye mabamvua matatu ulionekana una joto zaidi na mavuno zaidi, na mimi nikasoma kwamba kimoja kimeleta kingine.

Nilifuta majedwali yote ya miezi. Nikapanga upya kila kipimo kwa siku ya mwezi wa mwandamo, kuanzia 1 hadi 29 au 30: joto kutoka kwenye vidude, kamba kutoka kwenye penseli ya binti yule, maumivu kutoka kwa muuguzi, mahudhurio kutoka kwa mwalimu. Nilichapisha kila mchoro kwenye karatasi yake. Ofisi yangu ina dirisha linalotazama mashariki. Asubuhi ile nikazibandika karatasi moja juu ya nyingine kwenye kioo, jua likapita ndani yake. Hazikulingana kwa kila nukta. Lakini milima miwili ilisimama mahali pamoja kwenye karatasi zote, mmoja mwanzoni mwa mwezi na mmoja katikati. Joto lilikuwa pale, kazi ilikuwa pale, mgongo uliuma pale, madawati yalikuwa wazi pale. Na ukifuata kila bamvua na lile la nyuma yake, ungeona jambo ambalo akina mama walikuwa wakitwambia tangu siku ya kwanza: bamvua likipita la jua kali, linalofuata linakuta kamba hazina kitu.

Niliwaita wenzangu mmoja mmoja. Mkemia alisimama mbele ya dirisha muda mrefu bila kusema. Muuguzi aliweka kidole juu ya mchoro wake, kisha akakisukuma pembeni hadi kwenye wa mwalimu, akasema, "Huyu ni mwanamke mmoja. Tumempima vipande vipande." Mchumi alikwenda kuufuta muhtasari wake, na ninamheshimu kwa hilo, maana alikuwa ameshaahidi kuuwasilisha.

Juni ilipokaribia kwisha tulirudi kijijini kwa ajili ya mrejesho. Kibali cha utafiti cha Zanzibar ni chake, tofauti na cha bara, na kinatutaka tupite kwa sheha. Lakini tulikwenda mrejesho kwa sababu nyingine. Tulikuwa tumechukua saa nyingi za watu na hatukuwa tumerudisha kitu. Tulikaa kwenye banda la kuanikia, harufu ya mwani mkavu imejaa, kusi inavuma. Mimi na binti yule tulieleza, yeye akisema zaidi. Mwenyekiti wa kikundi, mama yuleyule wa swali la 14, alisikiliza hadi mwisho.

"Ahsanteni, wanangu," akasema. "Hayo tunayajua. Sasa mmekuja na lipi?"

Hakusema kwa ukali. Lilikuwa swali la mtu ambaye siku yake ina kazi. Mtaalamu wetu wa bahari, kijana mkimya ambaye mwaka mzima hakuwahi kuzungumza kwenye mkutano wa kijiji, ndiye aliyejibu. "Mama Mwenyekiti, mabamvua hayalingani. Ya karibu na Machi na ya karibu na Septemba ndiyo makubwa kuliko yote. La Machi linakuja bado kuna joto la kaskazi. Sisi tunaweza kuhesabu mwaka mzima mbele, siku gani maji yatakupwa mno na saa ngapi."

Wakaanza kuongea wote. Mmoja akasema angejua mapema angevuna kabla, hata kama mwani haujakomaa vizuri, kuliko kuuacha ukatike. Mwingine akasema angehamisha mbegu kwenye kijito kinachobaki na maji. Ikazuka habari ya kulima kwenye kina kirefu, jambo ambalo watafiti wa Zanzibar, Dk. Flower Msuya miongoni mwao, wamelifanyia majaribio kwa kutumia nyavu za mrija. Wakaeleza ugumu wake bila kuficha: wengi wao hawajui kuogelea, chombo hawana, na wanaume wenye vyombo wana kazi zao. Mchumi aliandika yote. Lakini walichokitaka kwa siku ile kilikuwa kidogo na kinawezekana. Walitaka kalenda.

Tuliwauliza ianze lini. Mama Mwenyekiti akatushangaa. "Ianze mwaka unapoanza. Siku ya mwaka." Alimaanisha nairuzi, ile inayosherehekewa Makunduchi kila Julai kwa Mwaka Kogwa. Pale ndipo nilipoelewa kwamba watu wa pwani hii hubeba kalenda mbili kwa ajili ya bahari moja. Mwezi wa mwandamo huwaambia maji, lakini hauwaambii majira, kwa sababu mwaka wake ni mfupi kwa siku kama 11 na miezi huhama. Mfungo tatu unaweza kuwa wa kaskazi miaka hii na wa kusi miaka mingine. Majira huyapata kwa nairuzi na miongo yake, siku kumi kumi, mwaka wa jua. Sisi wenye shahada tulikuwa na kalenda tatu na hakuna hata moja iliyotuambia lini bahari inakupwa.

Na Julai ndiyo ileile ya mwaka wetu wa fedha. Kwa mara ya kwanza ripoti yetu na kijiji vilikuwa vinaanza mwaka pamoja.

Kalenda ilituchukua wiki tano. Kila ukurasa una tarehe za kawaida, mfungo na siku ya mwandamo, miongo, saa ya maji kukupwa, na rangi: bluu kwa maji mafu, njano kwa bamvua, nyekundu kwa bamvua lenye hatari ya joto. Saa tuliziandika kwa Kiswahili, saa nne na nusu ikiwa saa nne na nusu. Muuguzi aliongeza mstari chini kuhusu kofia, maji ya kunywa na kupumzisha mgongo. Mwalimu alitaka nakala tatu, kwa kuwa anapanga mitihani yake na alikuwa amechoka kuipanga siku ambazo nusu ya darasa iko baharini. Mtihani wa muhula uliofuata aliuweka wiki ya maji mafu.

Sasa ile ripoti ya mwaka. Fomu ina visanduku: idadi ya machapisho, wanafunzi waliohitimu, fedha zilizoingia, mikutano ya kimataifa. Mwaka ule visanduku vyote vilijaa vizuri, na ninafurahi kwa kila kimoja. Mwanafunzi wetu wa uzamili alitetea tasnifu yake kuhusu kemia ya karaginani katika mwani ulioathirika na joto, akiwa mjamzito wa miezi minane. Makala kuhusu kalenda na hesabu ilikataliwa na jarida moja, ikapokelewa na jingine. Tulibishana juu ya majina ya waandishi, kwa sababu wapo waliosema msaidizi wa kulipwa kwa siku huwekwa kwenye shukrani. Nilisema, na nitasema tena popote, kwamba bila penseli yake tungechapisha uongo. Jina lake ni la pili kwenye makala ile, na sasa anasoma shahada.

Kalenda haikuwa na kisanduku. Nilimpelekea mkurugenzi rasimu nikiwa nimeitaja kwenye "mengineyo". Aliisoma akiwa amesimama, akachukua kalamu, akakata "mengineyo", akaandika juu: *ukurasa wa kwanza*. Kisha akaniuliza kama ninayo nakala ya ziada, kwa ajili ya mama yake, Bagamoyo.

Miezi miwili baada ya kuigawa Mama Mwenyekiti alinipigia simu. Aliniamkia kwa kuniuliza hali ya nyumbani, watoto, kazi, kisha akasema, "Mwanangu, kalenda yenu imekosea. Imesema mwezi umeandama jana. Jana tulitazama, haukuonekana. Umeandama leo." Nilianza kumweleza kuhusu hesabu za kuandama kwa mwezi, kwamba bahari haijali kama mwezi umeonekana au umefichwa na wingu. Alinisikiliza. "Bahari sawa, nayo saa zake ziko sahihi," akasema. "Lakini mwezi huhesabiwa ukionekana. Mimi nimeshaikata kwa kalamu nikaandika ya kweli."

Toleo la mwaka uliofuata lina kiduara kitupu pembeni ya kila mwezi, ukubwa wa sarafu ya shilingi mia, ajaze mwenyewe jioni atakayouona. Nilipokwenda kuligawa niliingia nyumbani kwake kumwamkia, nikaikuta ya kwanza bado iko ukutani, kurasa zimekunjamana kwa chumvi, tarehe zimekatwa na kuandikwa upya, na kalamu yake imening'inia pembeni, imefungwa kwa taitai.